Mama Balozi na Nyumba Zake Kumi

Mume wangu aliponiambia kwamba jioni tutakwenda kumwamkia balozi, nilivaa gauni langu la harusi. Nilikuwa nimeingia Temeke juzi yake tu, mwali mbichi kutoka Singida, namfuata yeye aliyekuwa amepata kazi bandarini. Njia nzima nilikuwa najiuliza ni balozi wa nchi gani huyu anayekaa karibu na sie, na nitamsalimu kwa lugha ipi. Tukaingia ua wa makuti. Nikamkuta mama mmoja mnene amechuchumaa, khanga moja kifuani na nyingine kichwani, anakata vichwa vya dagaa.

"Shikamoo," nikasema, nikipiga goti na gauni langu jeupe.

"Marahaba. Huyu ndiye mwali mwenyewe?" Akanitazama kuanzia viatuni kupanda juu. "Mzuri. Anajua kufagia?"

Hivyo ndivyo nilivyojuana na Mama Balozi. Alikuwa balozi wa nyumba kumi, mtu wa kwanza wa Serikali ambaye raia wa mtaani angeweza kumgongea mlango. Nyumba kumi zenyewe hazikuwa kumi. Watu walikuwa wakijenga vyumba vya uani, wakigawana viwanja na shemeji zao, na kila nyumba mpya ilipochipuka Mama Balozi aliifanya ya kwake kabla haijaezekwa. Ukimwambia zimezidi alikasirika. "Kumi ni jina," alisema. "Kuna watu wanaitwa Furaha na wamenuna."

Jua lilipoanza kupungua makali, baada ya swala ya alasiri, tulisikia sufuria likigongwa. Lilikuwa sufuria lake kuukuu lililotoboka kitako, analigonga kwa mwiko. Alianzia kwa fundi vinyago, Mmakonde aliyekaa kwenye kona, akapita mlangoni kwangu, akaishia kwa Karani, msomi wetu wa kutoka bara aliyefanya kazi katika ofisi moja mjini. Kila baada ya nyumba mbili tatu alisimama, akajishika kiuno.

"Nyumba kumi, mpo hampo?"

"Tupo!"

"Basi sikilizeni. Gari la taka linapita kesho asubuhi. Lisipopita kesho, litapita siku nyingine, lakini taka zitoke leo. Bwana afya anakuja kukagua vyoo. Wenye vyoo vizuri wafurahi, wengine mnajijua. Duka la ushirika limepata sabuni, kila nyumba mche mmoja. Na wewe bwana mwenye nyumba mbili, nyumba yako ni ile unayolala Ijumaa. Mimi najua unalala wapi Ijumaa."

Watu walitoka nje kusikiliza hata kama hawakuhitaji sabuni.

Alipenda kupeleka habari kuliko kula. Habari ikichelewa, aliumwa. Kuna siku alipita mtaa mzima na sufuria lake, akasimama mahali pote pa kusimama, akatangaza: "Leo hakuna habari. Ofisini nimekwenda, nimekaa kwenye benchi, wamenipa maji ya kunywa, wameniambia hakuna. Nimeona niwaambie, msije mkadhani naficha." Halafu akarudi kwake akiwa ametosheka kabisa.

Na kwa kuwa alikuwa na haraka, mara nyingi alitangaza kabla hajahakikisha. Hilo halikumsumbua hata kidogo. Kesho yake alipita njia ileile, kwa maringo yaleyale, akisahihisha. "Ile habari ya jana ya mama wa nyumba ya bluu kujifungua pacha, si pacha. Ni mmoja, ila mnene." Mara nyingine alitutangazia kwamba wapuliza dawa ya mbu wanakuja, tukatoa vitanda vyote nje, tukakaa barabarani na magodoro yetu mpaka jioni kama watu waliofukuzwa na mwenye nyumba. Wapuliza dawa hawakuonekana. Mama Balozi akapita kututazama, akasema, "Si mmepata kuanika vitanda? Kunguni wamekufa bure, bila dawa ya Serikali."

Kosa langu la siku ya gauni jeupe halikuwa langu peke yangu. Asubuhi moja mwuza nyama wa sokoni alimleta kijana wa Kizungu, amebabuka pua kwa jua, anatembea na mkoba mgongoni. Alikuwa amepoteza karatasi zake zote za safari. Kiswahili alichojua kilikuwa "asante", "ndizi" na "balozi", na hilo la mwisho alikuwa akilirudia kwa kila mtu sokoni. Watu wakaona jambo rahisi: anamtaka balozi, basi apelekwe kwa balozi.

Mama Balozi hakushangaa. Alimpa kiti chenye mgongo, akampa chai na mihogo ya kuchemsha, akamtazama akila. Kisha akatuma aitwe Karani, ambaye siku hiyo alikuwa nyumbani na mafua.

"Andika," akamwambia. "Mzungu huyu ninamfahamu tangu saa nne asubuhi."

"Mama Balozi," Karani akasema, "huyu anatafuta ubalozi wa nchi yake. Uko mjini. Wewe si balozi wa aina hiyo."

"Kuna aina ngapi? Andika. Amekula mihogo yangu, hakubagua. Hana matata, ila amepotelewa na karatasi na jua limemuunguza. Popote atakapofika apokelewe. Umeandika? Weka na salamu zangu."

Akagonga muhuri, akampa kijana barua, akamsindikiza mwenyewe mpaka kituo cha basi, akamkabidhi kwa kondakta kama mtu anayekabidhi kuku wa sadaka. Tukacheka wiki nzima. Lakini yule kijana alirudi, safari hii amevaa kofia, ameshika kopo la biskuti. Akatueleza, kwa msaada wa Karani, kwamba huko ubalozini barua ile ilisomwa kwa sauti katika vyumba vyote, na kwamba balozi mwenyewe alimtuma alete shukurani. Tangu siku hiyo Mama Balozi alizungumza juu ya mtu yule wa mjini kama mtu wa ofisi moja naye. "Mwenzangu yule," alisema, "yeye ana gari na bendera. Lakini ana nyumba moja tu ya kuangalia."

Sitaki mtu adhani alikuwa mtakatifu. Alikataza kumwaga maji machafu barabarani, na maji machafu ya kwanza kumwagika barabarani kila asubuhi yalikuwa ya kwake, ya kuoshea samaki. Fundi vinyago, mtu mpole ambaye alikuwa haongei ila anapokuwa na hakika, alimshika siku moja na karai mkononi.

"Mama Balozi. Hayo nini?"

Akayatazama yale maji yakikimbia kwenye mchanga. Akaweka karai chini. Jioni ile sufuria likalia, akatutangazia kwamba mkazi mmoja wa nyumba kumi amemwaga maji machafu, kwamba mkazi huyo ni yeye, na kwamba amejitoza faini ya jogoo mmoja. Tukampigia makofi. Jogoo akachinjwa, akapikwa kwa nazi. Nani atamla jogoo wa faini? Balozi, ndiye anayehifadhi faini za mtaa. Akakaa, akamla, akamtumia fundi vinyago kipapatio kama shahidi.

Mambo ya kisomo nayo yalikuwa hivyohivyo. Miaka ile watu wazima wote walitakiwa wajifunze kusoma na kuandika, na Mama Balozi alituchunga kwenda darasani kama mbuzi. Alikuwa anamtoa mtu chooni. Lakini yeye mwenyewe, ukimpelekea karatasi, alisema macho yanamuuma, hebu msomee. Nilidhani hajui kusoma, nikamwonea huruma, nikawa namsomea taratibu kwa heshima. Siku moja nikaruka mstari kwa bahati mbaya.

"Rudi," akasema, hata hajageuza shingo. "Hapo kwenye 'wananchi wote wanaombwa'. Umeruka."

"Kumbe unajua kusoma!"

"Najua. Lakini nikisoma mwenyewe nitambishia nani?"

Na kweli alibishana na matangazo. Ukimsomea kwamba wananchi wanaombwa wawe na subira kuhusu upungufu wa unga, alikuwa anaijibu ile karatasi. "Subira tunayo. Ungeomba kitu ambacho hatuna." Mwaka wa unga wa yanga, watu walipokataa ugali wa njano wakisema ni chakula cha ng'ombe, aliupika hadharani, akala mbele yetu akifumba macho kwa utamu. Tukaenda kupanga foleni. Usiku ule mkwe wake, mke wa mwanawe, alinidokeza kwamba nyumbani mama alikuwa hawezi hata kuunusa, alikuwa anakula viazi.

Kwenye ugomvi alikuwa na dawa yake. Karani alilalamika kwamba tezo la fundi vinyago linampigia kelele Jumapili, siku yake ya kupumzika. Fundi akasema mti hauijui Jumapili. Wakafikishana uani kwa Mama Balozi, Karani na shati lake la mikono mirefu, fundi na vumbi la mpingo nywelani. Mama akawasikiliza wote wawili mpaka wakachoka. Kisha akaamua: Karani atakwenda kwa fundi Jumapili nne, akachonge kigoda kwa mikono yake mwenyewe. Akishamaliza aje aseme kama kazi ile inaweza kufanywa kimyakimya. Karani akaona ametukanwa, lakini akaenda. Kigoda kilichotokea kilikuwa na miguu mitatu iliyogombana, kila mmoja unataka kwenda kwao. Karani alikipenda kuliko viti vyake vyote vya dukani. Malalamiko yakaisha, kwa sababu Jumapili kelele zikawa za watu wawili.

Kitu ambacho hakuwa na mchezo nacho ni foleni. Dukani, kisimani, zahanati, Mama Balozi alisimama pembeni kama askari wa barabarani. Mke wa mkubwa, mgonjwa wa kujifanya, mwenye mdomo mtamu, wote aliwarudisha nyuma kwa kuwashika mkono taratibu. Alisema nchi hii itajengwa na watu wanaojua nani katangulia. Kwa hiyo nilichokiona siku Neema wangu alipougua sitakisahau.

Sie wakati ule maji tulichota kisimani bondeni, maji yenye rangi ya chai ya maziwa. Neema alikuwa mtoto wa kutambaa. Alianza kuhara alfajiri, kufika saa mbili macho yamezama, ngozi ya tumbo ukiivuta inabaki imesimama. Mume wangu alikuwa zamu bandarini. Nilitoka nje nimembeba, sijui naelekea wapi, nikakutana na Mama Balozi anafagia mlangoni. Alimtazama mtoto mara moja tu. Akatupa ufagio, akamchukua mikononi mwangu, akaanza kukimbia. Sijawahi kumwona mtu mnene namna ile akikimbia hivyo. Mie kijana nilikuwa nyuma.

Zahanati foleni ilikuwa imetoka nje ya mlango, imezunguka ukuta. Mama Balozi aliipita yote. Watu aliowahi kuwarudisha nyuma mwenyewe walikuwa wamesimama pale, wakimtazama.

"Mama Balozi! Na wewe?"

"Foleni nimeiona!" alisema bila kusimama. "Mtanisema kesho!"

Mganga msaidizi alimpokea mtoto, akamtundikia dripu. Nilikaa sakafuni nimeshika mguu wa mwanangu. Jua lilipokuwa la utosi Neema alilia, kilio chenye nguvu, na mganga akatabasamu. Kisha akatuuliza, "Maji mnachota wapi?"

"Kisimani," nikajibu.

"Kisima kile nimeshapokea watoto wake wengi," akasema. "Wengine hawakulia tena."

Tulirudi nyumbani, na jioni ile sufuria halikulia.

Kesho yake asubuhi nilimpelekea uji, nikaambiwa amekwenda zahanati. Nikashtuka, nikafuata. Nikamkuta amesimama kwenye foleni, mwisho kabisa, nyuma ya ukuta. Alisimama asubuhi nzima, jua likimpiga. Alipofika mlangoni mganga akamuuliza anaumwa nini.

"Siumwi. Jana nilipita mbele ya watu. Leo nalipa zamu." Akageuka, akaenda zake nyumbani.

Baada ya hapo akaanza safari za kwenda kwenye ofisi ya maji. Ofisi yenyewe siitaji. Waliokuwamo wengi walikuwa watu wema waliochoka. Alikwenda mpaka walinzi wakawa wanamwekea kivuli. Aliwapelekea chupa ya maji ya kisima chetu, akaiweka mezani kwa bwana maji kama ua. Mwishoni mafundi wakaja, wakachimba mtaro, wakalaza mabomba, wakajenga nguzo ya saruji na koki ya shaba inayong'aa. Mtaa mzima ulikwenda kuigusa.

Siku ya ufunguzi tulipika, tukacheza ngoma, akaja mgeni rasmi na miwani nyeusi. Akatoa hotuba ndefu juu ya maji na maendeleo. Mama Balozi alisimama karibu naye amevaa khanga mpya, ndoo ya kwanza mkononi. Mgeni rasmi akafungua koki. Ikalia "pfff", kama mtu anayemdharau mwenzake. Akafungua zaidi. Akatoka kombamwiko mmoja, akakaa kwenye mdomo wa bomba, akatutazama wote, akarudi ndani.

Mama Balozi akainua ndoo yake tupu juu ya kichwa.

"Hewa imetangulia!" akatangaza. "Maji yako njiani!"

Tukapiga makofi kwa adabu, na mgeni rasmi akaingia kwenye gari lake kabla makofi hayajaisha.

Maji hayakuja wiki ile, wala mwezi ule. Wanawake tukarudi bondeni na madebe yetu. Fundi vinyago akawa anaanika shati lake kwenye nguzo. Karani akaliita bomba lile sanamu. Mama Balozi aliendelea kufagia kulizunguka kila asubuhi, na kila alasiri alipita akitangaza, "Maji bado." Sauti yake ilikuwa inapungua siku hata siku. Ikafika jioni akapita akigonga sufuria tu bila kutangaza kitu. Nikamwona anaingia kwake, nikamwambia mume wangu, yule mama tunampoteza.

Nilikosea. Alasiri iliyofuata aligonga sufuria mpaka nikadhani kuna moto.

"Nyumba kumi! Kesho asubuhi kila nyumba itoe mwanamke mmoja. Aje na ndoo tupu, taulo na sabuni. Wenye watoto waje nao. Msiniulize."

Tulikwenda kwa miguu, kundi la wanawake na watoto na ndoo, watu wakidhani tunakwenda harusini. Tukaingia ofisi ya maji moja kwa moja. Bwana maji, kijana mwenye kalamu mbili mfukoni, akasimama nyuma ya meza yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Tumekuja kuoga."

"Kuoga?"

"Na kufua, kama nafasi ipo. Nyie mmesema maji mmeyaleta kwetu. Kwetu hayapo. Tukaona basi yatakuwa yamebaki huku."

"Mama, hii ni ofisi ya Serikali!"

"Ndiyo maana hatukwenda kwa jirani."

Mwisho wa ukumbi kulikuwa na choo cha wakubwa, chenye beseni jeupe na bomba linalotoa maji. Mama Balozi akakiona. "Foleni, jamani! Wenye watoto mbele!" Tukapanga foleni nzuri kuliko zote nilizowahi kuziona maishani mwangu. Mie nilikuwa wa kwanza. Nilimwogesha Neema ndani ya beseni la bwana maji, akapiga miguu kwa furaha, maji yakaruka ukutani. Nyuma yangu watu wakaanza kusugua nepi. Povu likatoka mlangoni, likateremka ukumbini, na makarani wakawa wanainua mafaili kutoka sakafuni na kupanda nayo juu ya viti.

"Mama, nakuomba," kijana akasema. "Nitamtuma fundi kesho."

"Kesho tutakuja na magodoro."

Akamtazama Mama Balozi, akayatazama yale maji yanayomjia viatuni. "Leo," akasema. "Leo, mama, leo hii."

Fundi bomba akarudi nasi. Akafuata mtaro toka kwenye nguzo yetu kwenda nyuma, akichoma ardhi kwa nondo kila hatua chache. Nyuma ya mapapai, karibu na barabara, nondo haikugonga kitu. Akachimba. Bomba letu lilikuwa limeishia pale, mdomo umezibwa kwa majani makavu. Bomba kubwa la barabarani lilikuwa ng'ambo ya pili, halijui habari zetu. Mabomba yalikuwa yamewaishia, wakafukia mtaro wakingoja mengine, na kila mmoja akadhani mwenzake alirudi kumalizia.

Karani alicheka mpaka akakaa chini. Mama Balozi hakucheka. Alimuuliza fundi, "Bomba zikipatikana, kinachobaki nini?"

"Kuchimba, mama. Na watu wa kuchimba ndio hawapo."

"Watu wa kuchimba wapo," akasema, akatugeukia.

Jumamosi ofisi ya maji ikaleta mabomba yaliyopungua, nasi tukajitolea wote, wanaume kwa wanawake. Fundi vinyago alichimba kama anatafuta sanamu ndani ya udongo, akiimba nyimbo za kwao. Karani alikuja na viatu vya ofisini, mchana akawa pekupeku, viganja vimevimba malengelenge, anamwonyesha kila mtu. Mama Balozi alikaa juu ya kigoda chake Karani, akitoa amri ambazo hakuna aliyezifuata, mpaka alipochoka kukaa, akanyakua sururu na kuchimba mahali pasipotakiwa. Tukamwacha. Tulifukia baadaye.

Maji yalitoka mekundu, yakakohoa, yakasafika. Watu walipiga vigelegele mpaka mtaa wa pili wakatoka. Kila mtu akasubiri hotuba. Mama Balozi akainama, akakinga maji kwa viganja, akanywa, akapangusa mdomo.

"Yana ladha ya chuma," akasema. Akaingia nyumbani kwake, akafunga mlango.

Nilimfuata. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, analia kwa sauti ndogo ambayo sikujua kama anayo.

"Nini tena, Mama Balozi?"

"Hakuna. Nenda nje kasimamie foleni, Mama Neema. Watagombana."

Nikaenda.

Miaka ikapita. Neema alikuwa keshaingia sekondari wakati miguu ya Mama Balozi ilipomshinda, na mwanawe, askari jeshi, akamhamishia kwake Gongo la Mboto. Ilipita zaidi ya mwaka sijamwona. Nilipokwenda nilikuwa na habari ya kumpa, na njia nzima sikujua nitaianzaje.

Nilimkuta barazani kwenye mkeka. Alikuwa amekonda, na ule uzito wake wote ulikuwa umehamia kwenye macho.

"Shikamoo, Mama Balozi."

"Marahaba. Taratibu, watakusikia. Huku mie ni bibi tu."

Akaniuliza habari za mtaa, nyumba moja baada ya nyingine, kwa mpangilio. Nani kafa, nani kaoa, nani kapaka rangi. Nikawa namjibu. Mara ikapigwa hodi, akaingia kijana mmoja mwembamba, mpole, na kalamu sikioni. Alikuwa balozi wa nyumba kumi wa pale. Kazi yake ilikuwa kumtambua kila aliyehamia.

"Bibi, leo tuandikishane."

"Mie mgeni, mwanangu. Naondoka Jumamosi."

"Ulisema hivyo kwenye mvua za mwaka jana."

"Sikusema Jumamosi ipi."

Kijana akaguna, akasema atapita kwa jirani kwanza kisha atarudi. Alipotoka nilimtazama yule mama. Miaka yote ile hakuna mgeni aliyelala mtaani kwetu bila yeye kujua, na sasa alikuwa anamkimbia balozi mwenziwe.

"Kwa nini unamtesa mtoto wa watu?" nikamuuliza.

Akavuta khanga yake. "Nikiandikwa huku, kule nimefutika."

Hapo nikaona ndiyo nafasi yangu. "Mama, kule wamefanya uchaguzi. Walikusubiri sana. Mwishoni wamechagua."

Mkono wake ukawa unalainisha mkeka pasipo na mkunjo.

"Wamemchagua nani? Karani?"

"Hapana."

"Fundi vinyago? Na masikio yale yaliyozibwa na kelele za tezo?"

"Wamenichagua mie."

"Wewe?" Akanigeukia mwili mzima. "Wewe wa gauni?"

"Mimi. Nilikataa, wakapiga makofi."

Akaanza kucheka. Alicheka kwa kifua, kwa mabega, mpaka khanga ikamwanguka kichwani, mpaka mkwewe akachungulia kutoka jikoni. Alipomaliza alijifuta macho kwa muda mrefu kidogo kuliko kicheko kilivyohitaji.

"Gari la taka linapita?" akauliza.

"Linapita likijisikia."

"Usiwaambie hivyo. Waambie linakuja. Halafu wewe lifuate ofisini."

"Sawa, mama."

Akavuta pumzi, akageuza uso kuelekea kwa jirani, na sauti ile ya zamani ikatoka, kuku wakakimbia uani.

"Kijana! Wee balozi! Njoo uandike!"

Yule kijana akaja mbio, akapiga goti kwenye ukingo wa mkeka, akaandika majina yake matatu, akiuliza kila herufi. Kisha akauliza alipotokea.

"Temeke," Mama Balozi akasema.

"Na huko nani anakufahamu, bibi?"

Akaninyooshea kidole.

"Muulize balozi wangu. Si huyo amekaa hapo?"